Utafiti Unaorudiwa: Namna ya Kuandaa Waraka Unaofanya Kazi kwenye Kompyuta ya Mtu Mwingine

Mwezi Oktoba 2019, watafiti wa kemia wa Chuo Kikuu cha Hawaii kilichopo Manoa, nchini Marekani, walichapisha katika jarida la Organic Letters jambo ambalo hawakulitarajia walipoanza kazi yao. Walikuwa wakichunguza kemikali zilizopatikana katika sianobakteria, na kwa ajili hiyo walitumia programu fupi za lugha ya Python zilizochapishwa mwaka 2014 na ambazo wanakemia wengine walikuwa wakizitumia kwa miaka mitano. Programu ilikuwa ileile na data zilikuwa zilezile, lakini majibu yalitofautiana kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kompyuta yenye mfumo endeshi wa Windows 10 ilitoa jibu sahihi, ilhali zenye Ubuntu 16 na macOS Mojave zilitoa majibu mengine.

Chanzo hakikuwa kosa la kikemia. Programu iliuomba mfumo endeshi uorodheshe faili zilizomo ndani ya folda, kisha ikazioanisha kwa kuamini kuwa orodha hiyo ingekuja ikiwa imepangwa. Baadhi ya mifumo hupanga orodha ya namna hiyo; mingine hailazimiki kufanya hivyo. Pale orodha ilipokuja bila mpangilio, faili ziliunganishwa na zisizo wenza wake, na hesabu ikaendelea hadi mwisho bila kutoa onyo lolote. Dawa yake ilikuwa fupi mno: kuiagiza programu iipange orodha kabla ya kuitumia.

Tukio hilo linaonesha kwa uwazi tatizo linalowakabili watafiti, watakwimu na maofisa wa umma wanaotayarisha ripoti kwa kutumia kompyuta. Waraka unaotoa matokeo sahihi kwenye kompyuta ya mwandishi wake haujathibitika bado. Hauna budi kutoa matokeo hayohayo kwenye kompyuta ya mtu mwingine, katika mji mwingine na baada ya miaka kadhaa, bila mwandishi kuwapo kuueleza. Makala haya yanafafanua maana ya waraka wa aina hiyo, sababu zinazoufanya ushindwe kufanya kazi, na hatua zinazoweza kuchukuliwa kuuimarisha.

Maana ya waraka unaoweza kurudiwa

Katika utaratibu wa kawaida, mtafiti hufanya hesabu katika programu moja, hunakili majibu na kuyabandika katika programu nyingine anayoandikia ripoti. Data zinaposahihishwa, hulazimika kunakili upya kila namba na kila mchoro. Namba moja ikisahaulika, ripoti hubaki na takwimu zisizolingana.

Waraka unaoweza kurudiwa huondoa kazi hiyo ya kunakili. Maelezo ya kawaida na maagizo ya hesabu, yaani msimbo, huwekwa katika faili moja. Mwandishi anapoagiza waraka uandaliwe, kompyuta husoma data, hufanya hesabu, huchora michoro na kuingiza majibu mahali pake ndani ya maandishi. Data zikibadilika, waraka huandaliwa upya na kila namba hubadilika kwa pamoja.

Wazo la kuchanganya maelezo na msimbo lilielezwa na mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth mwaka 1984. Mwaka 1992, mtaalamu wa jiofizikia Jon Claerbout wa Chuo Kikuu cha Stanford, pamoja na mwenzake Martin Karrenbach, walieleza namna kundi lao la utafiti lilivyoandaa machapisho ambayo michoro yake iliweza kutengenezwa upya na msomaji. Baadaye zilifuata zana zilizoeneza utaratibu huo: Sweave ya Friedrich Leisch mwaka 2002 na knitr ya Yihui Xie mwaka 2012, zote kwa watumiaji wa lugha ya R, Jupyter mwaka 2014, na Quarto mwaka 2022, inayokubali R, Python na lugha nyingine. Zana hizi zote zinapatikana bila malipo.

Ni muhimu kutofautisha mambo mawili. La kwanza ni kurudia hesabu, yaani kuchukua data zilezile na msimbo uleule na kupata majibu yaleyale. La pili ni kurudia utafiti, yaani kukusanya data mpya na kuona kama hitimisho linabaki lilelile. Makala haya yanahusu jambo la kwanza, ambalo ni sharti la chini kabisa la kuaminika kwa takwimu yoyote.

Kwa nini jambo hili linamhusu mwananchi

Mwaka 2010, wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha utafiti kuhusu deni la taifa na ukuaji wa uchumi. Utafiti huo ulionesha kuwa nchi zilizoendelea ambazo deni lake lilizidi asilimia 90 ya pato la taifa zilikuwa na wastani wa ukuaji wa asilimia -0.1. Matokeo hayo yalinukuliwa na viongozi wa nchi mbalimbali waliokuwa wakitetea kubana matumizi ya serikali.

Mwaka 2013, Thomas Herndon, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, alijaribu kurudia hesabu hizo na akashindwa. Alipopewa lahajedwali iliyotumiwa na waandishi, aligundua kuwa fomula ya wastani haikufika mwisho wa safu, hivyo iliziacha nchi tano: Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark. Herndon na walimu wake, Michael Ash na Robert Pollin, walikosoa pia namna baadhi ya data zilivyoachwa na namna nchi zilivyopewa uzito, na hesabu yao ikatoa wastani wa asilimia 2.2. Reinhart na Rogoff walikiri kosa la lahajedwali, ingawa walitetea hitimisho lao kuu kwamba deni kubwa huambatana na ukuaji mdogo. Kwa miaka mitatu, kosa hilo halikuonekana kwa kuwa hesabu yenyewe haikuwa mbele ya wasomaji.

Mfano mwingine ni wa Uingereza. Kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba 2020, visa 15,841 vya maambukizi ya UVIKO-19 havikuingia katika takwimu za kila siku nchini humo. Data za maabara zilipitishwa katika muundo wa zamani wa faili za Excel usioweza kubeba zaidi ya safumlalo 65,536, na zilizozidi zikaachwa. Watu waliokuwa wamekaa karibu na wagonjwa hao walichelewa kufuatiliwa.

Mifano hiyo inaonesha kuwa namna hesabu inavyofanyika ni suala la maslahi ya umma. Bajeti, dozi za dawa, mgawanyo wa madarasa na fahirisi ya bei za mlaji inayotolewa kila mwezi hutegemea hesabu ambazo mtu wa pili anapaswa kuweza kuzihakiki.

Ukubwa wa tatizo

Kuweka msimbo hadharani ni hatua njema, lakini peke yake haitoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Scientific Data ulichukua zaidi ya faili 9,000 za lugha ya R zilizohifadhiwa na watafiti katika hazina ya data ya Harvard Dataverse, na kuziendesha kwenye kompyuta nyingine. Asilimia 74 zilishindwa kufika mwisho. Baada ya watafiti kusahihisha kwa njia ya kiotomatiki baadhi ya makosa ya kawaida, zilizoshindwa zilipungua hadi asilimia 56.

Hali ilikuwa ya namna hiyo pia kwa madaftari ya Jupyter. Uchunguzi wa mwaka 2019 ulikusanya madaftari takribani milioni 1.4 yaliyokuwa yamewekwa wazi katika hazina ya GitHub. Kati ya yale yaliyoweza kujaribiwa, asilimia 24 tu yaliendeshwa bila kosa, na asilimia 4 tu yalitoa majibu yaleyale yaliyokuwa yamehifadhiwa na waandishi wake.

Waandishi wa faili hizo walizitoa kwa hiari ili zitumike na wengine. Faili hizo zilikuwa zikifanya kazi kwao. Sababu za kushindwa zilikuwa katika mambo ambayo mwandishi hayaoni kwa kuwa kompyuta yake tayari inayo.

Sababu za waraka kushindwa kufanya kazi

*Anwani ya faili.* Hii ni sababu ya kawaida mno. Mwandishi anapoandika katika msimbo kuwa data zipo katika C:/Users/Asha/Desktop/data_mwisho.csv, ametaja mahali palipopo katika kompyuta moja tu duniani. Mtu mwingine hana folda ya Asha. Aidha, Windows na macOS kwa kawaida hazitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili, lakini Linux hutofautisha. Kwa hiyo msimbo unaotafuta "takwimu.csv" hautaiona faili iliyopewa jina "Takwimu.csv" utakapohamishiwa kwenye seva ya Linux.

*Maktaba za programu na matoleo yake.* Hesabu nyingi hutegemea maktaba, yaani programu saidizi zilizoandikwa na watu wengine. Mwandishi alikwisha kuzipakua zamani na huenda hakumbuki. Hata mpokeaji akiwa nazo, toleo lake laweza kuwa tofauti. Katika Python 2, ambayo huduma yake ilikoma tarehe 1 Januari 2020, kugawanya 7 kwa 2 kulitoa 3. Katika Python 3, jibu ni 3.5. Mwezi Aprili 2020, toleo la R 4.0.0 lilibadilisha namna lugha hiyo inavyochukulia safu za maneno inaposoma data. Katika mabadiliko ya aina hii, waraka wa zamani unaweza kukwama, au kuendelea na kutoa jibu jingine bila onyo.

*Namba za nasibu.* Tafiti zinazochagua sampuli kwa bahati nasibu hutoa majibu tofauti kila zinapoendeshwa, isipokuwa mwandishi awe ametaja mbegu, yaani namba ya kuanzia. Hata hivyo, mbegu pekee si kinga kamili. Toleo la R 3.6.0 la mwezi Aprili 2019 lilibadilisha njia ya kuchagua sampuli, hivyo mbegu ileile hutoa sampuli moja katika toleo la awali na sampuli nyingine katika toleo lililofuata. Mbegu inapotajwa, toleo nalo litajwe.

*Namba, tarehe na herufi.* Kompyuta hufuata desturi za lugha na nchi iliyowekewa. Tanzania, Kenya na Uganda hutumia nukta kutenga sehemu ya desimali na mkato kutenga maelfu. Kompyuta iliyowekewa desturi ya Kifaransa, kama zilivyo nyingi katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Burundi, hutumia mkato kwa desimali. Kwa hiyo 1,250 inayosomwa Mwanza kuwa elfu moja mia mbili na hamsini yaweza kusomwa Lubumbashi kuwa moja na robo. Vivyo hivyo, 03/04/2024 ni tarehe 3 Aprili kwa msomaji wa Dodoma au Nairobi, lakini ni tarehe 4 Machi kwa kompyuta iliyowekewa desturi ya Marekani.

Majina ya mahali nayo yana mitego yake. Wilaya ya Nyang'hwale mkoani Geita na Kaunti ya Murang'a nchini Kenya huandikwa kwa alama ya ritifaa. Baadhi ya programu huiweka alama hiyo ikiwa imenyooka, nyingine ikiwa imepinda. Kwa jicho la msomaji jina ni lilelile. Kwa kompyuta ni majina mawili. Jedwali la idadi ya watu likiunganishwa na jedwali la zahanati, wilaya hiyo yaweza kubaki bila zahanati hata moja katika matokeo.

Lahajedwali pia hubadilisha maandishi kuwa tarehe bila kuombwa. Uchunguzi wa mwaka 2016 ulibaini kuwa takribani moja ya tano ya makala za jenetiki zilizoambatishwa orodha za jeni katika Excel zilikuwa na majina yaliyoharibika kwa namna hiyo. Mwaka 2020, kamati ya kimataifa ya majina ya jeni za binadamu ilieleza kuwa imebadilisha baadhi ya majina ili kuepuka tatizo hilo. Jeni iliyoitwa SEPT2, kwa mfano, sasa huitwa SEPTIN2.

*Kumbukumbu iliyofichika.* Daftari la Jupyter huruhusu vipande vya msimbo viendeshwe kwa mpangilio wowote. Mwandishi aweza kuendesha kipande cha tano kabla ya cha pili, au kufuta kipande ambacho majibu yake bado yamo katika kumbukumbu ya kompyuta. R nayo, isipoelekezwa vinginevyo, humuuliza mtumiaji anapofunga kama ihifadhi kumbukumbu hiyo na kuifungua siku inayofuata. Kwake waraka hufanya kazi. Kwa mpokeaji anayeanza na kumbukumbu tupu, haufanyi.

Hatua za kuchukua

Hatua zifuatazo zimepangwa kuanzia ile rahisi hadi ile inayohitaji utaalamu zaidi. Mtafiti anayefuata nne za mwanzo atakuwa ameepuka sehemu kubwa ya matatizo yaliyoelezwa.

1. *Kila kitu kiwe ndani ya folda moja.* Data, msimbo, maandishi na michoro viwekwe chini ya folda kuu ya mradi. Anwani za faili ziandikwe kuanzia folda hiyo, kwa mfano data/takwimu.csv, wala si kuanzia diski ya kompyuta. Majina ya faili yaandikwe kwa herufi ndogo, bila nafasi wala alama maalumu.

2. *Data ghafi zisiguswe.* Faili iliyopokelewa kutoka kwa wakusanyaji ihifadhiwe kama ilivyo. Masahihisho yote yafanywe kwa msimbo, ili mtu mwingine aone kilichobadilishwa na sababu yake. Data zinazohamishwa zihifadhiwe katika muundo wa maandishi wa CSV wenye usimbaji wa UTF-8, na tarehe ziandikwe kwa kuanza na mwaka, mwezi, kisha siku: 2024-04-03. Mpangilio huo ndio unaotambuliwa na kiwango cha kimataifa cha ISO 8601.

3. *Waraka uandaliwe kutoka mwanzo.* Kabla ya kuutuma, mwandishi afunge programu, aanze na kumbukumbu tupu na kuendesha waraka wote kwa mpangilio wake. Katika Jupyter lipo agizo la kuanzisha upya na kuendesha vipande vyote; katika R, mtumiaji aweza kuzima kabisa tabia ya kuhifadhi kumbukumbu.

4. *Mwongozo mfupi uambatane na waraka.* Faili ya maelezo, ambayo kwa desturi huitwa README, itaje mambo manne: waraka unahusu nini, mfumo endeshi na toleo la programu iliyotumika, faili ya kuanza kuendesha, na muda ambao hesabu huchukua. Mpokeaji asiyejua kuwa hesabu huchukua saa sita hudhani kompyuta imekwama.

5. *Matoleo ya maktaba yaorodheshwe na kompyuta yenyewe.* Kwa watumiaji wa R, kifaa kinachoitwa renv huandika faili ya renv.lock yenye jina na toleo la kila maktaba, na mpokeaji huzirejesha kwa agizo moja. Kwa Python, kazi hiyo hufanywa na faili ya requirements.txt, au environment.yml kwa wanaotumia Conda. Orodha inayoandikwa kwa mkono husahau maktaba. Inayoandikwa na kompyuta haisahau.

6. *Historia ya mabadiliko itunzwe.* Git, iliyoanzishwa mwaka 2005, huhifadhi kila badiliko pamoja na tarehe na sababu yake. Huondoa desturi ya kuwa na faili zinazoitwa "ripoti_mwisho", "ripoti_mwisho_kabisa" na "ripoti_mwisho_2", ambapo hata mwandishi hajui ni ipi iliyotoa namba zilizochapishwa.

7. *Mazingira yote yafungashwe inapobidi.* Baadhi ya hesabu hutegemea mfumo endeshi wenyewe. Kwa hizo hutumika kontena, teknolojia iliyoenezwa na Docker kuanzia mwaka 2013, ambayo hufungasha programu, maktaba na sehemu za mfumo endeshi katika kifurushi kimoja. Mpokeaji huendesha kifurushi hicho bila kujali kompyuta yake ni ya aina gani.

Hatua ya saba ina gharama zake. Kifurushi kimoja chaweza kuwa na ukubwa wa gigabaiti kadhaa, na kwa mtafiti au mwanafunzi anayenunua bando la intaneti kwa fedha yake, kukipakua si jambo dogo. Kwa hiyo, pale hesabu inapokuwa ya kawaida, orodha ya matoleo iliyotajwa katika hatua ya tano yatosha. Vilevile, waraka ulioandaliwa vizuri haupakui kitu kutoka mtandaoni kila unapoendeshwa. Hupakua mara moja, huhifadhi ndani ya folda ya mradi, kisha hufanya kazi hata intaneti inapokatika.

Jaribio la kompyuta ya mtu mwingine

Hakuna orodha ya hatua inayoweza kuchukua nafasi ya jaribio lenyewe. Njia ya uhakika ya kujua kama waraka unafanya kazi kwa watu wengine ni kumpa mtu mwingine.

Anayefaa kufanya jaribio hilo ni mwenzake mwandishi ambaye hakushiriki katika kazi, na ikiwezekana awe na mfumo endeshi tofauti. Apewe folda ya mradi pekee. Mwandishi asikae karibu naye, asimwelekeze kwa simu na asiguse kompyuta yake. Kila swali ambalo mjaribu analazimika kuuliza ni pengo katika mwongozo, na jibu lake liandikwe humo badala ya kutolewa kwa mdomo. Jaribio linahesabiwa kuwa limefaulu pale namba zilizotoka zinapolingana na zile za ripoti. Kufika mwisho bila ujumbe wa kosa hakutoshi, kama tukio la Hawaii linavyothibitisha.

Asiye na mwenzake wa kumsaidia aweza kutumia kompyuta ya maktaba ya chuo, au kufungua akaunti mpya ya mtumiaji kwenye kompyuta yake mwenyewe. Akaunti mpya haina folda, mipangilio wala kumbukumbu za ile ya zamani, hivyo hufichua sehemu ya yale ambayo waraka ulikuwa ukiyategemea kimyakimya.

Jaribio hilo lirudiwe kila baada ya muda. Waraka uliofaulu mwaka huu waweza kushindwa baada ya miaka mitatu kwa sababu ya maktaba kubadilika. Kwa kazi zinazohitaji kutunzwa muda mrefu, folda nzima yaweza kuwekwa katika hazina ya kudumu kama Zenodo, iliyoanzishwa mwaka 2013 katika kituo cha utafiti cha CERN. Hazina hiyo hutoa kitambulisho cha kudumu kinachowezesha toleo mahususi la kazi kutajwa na kupatikana.

Ulinzi wa taarifa binafsi

Uwazi wa hesabu hauna maana ya kuweka hadharani taarifa za watu. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Nchini Kenya, sheria ya aina hiyo ilitungwa mwaka 2019. Kabla ya kutoa folda ya mradi, mwandishi anapaswa kuhakikisha kuwa haina majina, namba za simu, namba za vitambulisho wala taarifa za ugonjwa zinazoweza kumtambulisha mtu. Kuondoa jina pekee huenda kusitoshe: katika kijiji kidogo, umri, kazi na ugonjwa huweza kutosha kumjulisha mhusika.

Pale data zisipoweza kutolewa, mwandishi aweza kutoa msimbo wote pamoja na data za mfano zenye safu na muundo uleule lakini zilizobuniwa, na kueleza utaratibu wa kuomba data halisi kwa mamlaka husika. Msomaji ataweza kukagua namna hesabu ilivyofanyika bila kuona taarifa za mtu yeyote. Nywila na funguo za kuingilia mifumo zisiandikwe ndani ya msimbo kwa hali yoyote. Ieleweke pia kwamba Git huhifadhi historia, hivyo nywila iliyofutwa leo bado yaweza kusomwa katika toleo la jana. Iliyowahi kuwekwa humo haina budi kubadilishwa.

Mipaka ya utaratibu huu

Waraka unaorudiwa si lazima uwe sahihi. Hesabu yenye kosa ikiandaliwa vizuri itatoa kosa lilelile kwenye kompyuta zote. Tofauti ni kwamba kosa hilo laonekana, laweza kuoneshwa kwa kidole na laweza kusahihishwa na mtu yeyote mwenye ujuzi. Katika suala la deni la taifa lililotajwa awali, ilichukua miaka mitatu na kupatikana kwa lahajedwali moja ili mjadala uhame kutoka kwenye imani kwenda kwenye ushahidi.

Utaratibu huu pia huongeza kazi mwanzoni. Mtakwimu anayeandaa ripoti yake ya kwanza kwa njia hii atatumia muda mrefu kuliko aliyezoea kunakili na kubandika. Faida huanza kuonekana ripoti inaporudiwa. Kwa takwimu zinazotolewa kila mwezi au kila robo mwaka, data mpya huingizwa na waraka huandaliwa upya kwa msimbo uleule. Kwa sababu hiyo, Serikali ya Uingereza imekuwa ikihimiza utaratibu wa namna hii katika idara zake za takwimu tangu mwaka 2017, na mwaka 2022 ilitoa mkakati wa kuueneza. Ofisa anapohamishwa au kustaafu, anayempokea hukuta hesabu ikiwa imeandikwa, wala halazimiki kumtafuta mtangulizi wake kuuliza namba fulani ilitoka wapi.

Mwananchi asiyejua kuandika msimbo naye anaweza kuupima waraka wa takwimu kwa maswali matatu. Je, ripoti inataja data zilikotoka na toleo la programu iliyotumika? Je, msimbo wa hesabu unapatikana, au umeelezwa namna ya kuuomba? Je, yupo mtu mwingine, asiye mwandishi, aliyeziendesha hesabu hizo kwenye kompyuta yake na kupata majibu yaleyale?